Mkalimani wa Mama Mkwe

Baridi alibonyeza kengele ya mlango wa mama yake, na sikusikia mlio wowote. Niliona tu, kupitia pazia la dirisha, taa ya sebuleni ikiwaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika, kama jicho linalokonyeza. Akanishika kiwiko, akasema nisiogope, mama yake hali watu. Nikamwambia siogopi. Nilikuwa nadanganya.

Kila msichana humwogopa mama mkwe, hilo halina mjadala. Lakini mimi nilikuwa na woga wa ziada, niliokuja nao mikononi. Mama yake Baridi ni kiziwi, na Baridi hakujua kwamba kwa mihula miwili nimekuwa nikijifunza lugha ya ishara chuoni. Nilikusudia kumshangaza. Katikati ya chai ningeweka kikombe chini, niinue mikono na kumsalimia mama kwa lugha yake mwenyewe, mwanawe abaki mdomo wazi. Mbele ya kioo cha bwenini nilikuwa hodari sana. Pale mlangoni vidole vilikuwa vya mtu mwingine.

Baridi si jina lake. Nilimpa mimi, siku alipokuja kutengeneza friji ya dawa katika maabara yetu, nikiwa mwaka wa pili wa ufamasia. Aliingia, hakuuliza kitu, akaweka kiganja ubavuni mwa friji na kufumba macho, kama mtu anayempima mtoto homa. Nikamtania kwamba mafundi wengine huisikiliza mashine kwa sikio, yeye anaibembeleza. Hakujibu. Nikarudia kwa sauti zaidi, ndipo akageuka, akanitazama midomoni muda mrefu, akasema dawa nyingine hazikai bila baridi. Tangu hapo yeye akawa Baridi na mimi nikawa Dawa, na kila nilipoongea macho yake yakawa yanashuka midomoni mwangu na kutulia hapo. Nani angekataa kutazamwa hivyo? Mimi niliyeyuka kama barafu iliyosahauliwa juani.

Ulikuwa mwaka ambao chuo kilimtaka kila mwanafunzi achague lugha ya pili. Mhadhiri mmoja alisimama mbele yetu na kutusomea faida zake: kumbukumbu hunolewa, milango ya ajira huongezeka, mtu huzeeka akili zikiwa bado nyumbani. Mwenzangu wa chumba akachagua lugha ya ng'ambo, na hadi leo anaweza kuagiza kahawa na kuuliza kituo cha treni kiko wapi, katika mji usio na treni. Mimi nikachagua ishara. Mwalimu wetu alikuwa kiziwi mwenye masharubu na uso mchangamfu kuliko redio, na kosa langu kubwa alilijua tangu wiki ya kwanza. Aliniandikia ubaoni mbele ya darasa zima: "Wewe unapitia Kiswahilini. Ukiona ishara, ona picha. Ukiigeuza kwanza kuwa neno, neno litakupeleka linakotaka lenyewe."

Nilijitahidi, lakini kila ishara niliyoiona ilipofika kichwani ilivalishwa neno kwanza, kama mtoto anayevalishwa sare kabla ya kutoka.

Hata hivyo faida niliiona. Nikiwa kwenye mazoezi ya kazi, katika dirisha la dawa la hospitali, alikuja mzee kiziwi aliyekuwa akimeza vidonge vyake vya siku nzima kwa mkupuo mmoja, kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza akaelewa. Nilimweleza kwa mikono: hiki jua likichomoza, hiki jua likizama. Akanishika mikono yote miwili na kuitazama, kama mtu aliyeokota kitu alichokuwa ameshakata tamaa nacho. Siku ile nilisema moyoni, nikienda kwa mama yake Baridi, naye atanishika hivi.

Kikwazo kilikuwa baba yangu. Baba hufundisha udereva, na gari lake la mafunzo lina breki ya pili upande wa mwalimu. Mimi naamini ana nyingine kama hiyo nyumbani, chini ya meza ya kulia chakula. Aliposikia kwamba mama yake Baridi hasikii, aliikanyaga. Alitaka kujua kama jambo hilo liko kwenye damu. Nilimuuliza Baridi, Baridi akasema ni homa ya utotoni, hakuna damu wala ukoo. Nikamrudishia baba jibu hilo, na nikaapa. Baba akakubali kwa shingo upande kwamba waje Jumamosi, mama na mwana, wazungumze posa. "Lakini nikija kugundua kuna kitu nilifichwa, mwanangu," aliniambia, "hapo ndipo mwisho wa barabara. Sitakuuliza tena."

Na Jumamosi ilikuwa imebakiza siku tatu tu wakati mlango ule ulipofunguliwa.

Mama yake Baridi alikuwa mwanamke mrefu, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Ni fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa dirishani, na ukutani mbele yake ametundika kioo kikubwa, apate kumwona anayeingia nyuma yake akiwa kazini. Alinipima mabega na kiuno kwa macho, bila kuigusa tepu, kisha akanikumbatia. Alinukia nguo mpya iliyopigwa pasi. Nikasema kimoyomoyo, haya, mambo yameanza vizuri.

Tukaketi. Baridi akakaa kati yetu, kazi yake ya siku zote: mkalimani. Mama akamgeukia, na mikono yake ikasema, wazi kama maandishi ya ubaoni:

"Umemwambia?"

Baridi akanigeukia, uso umejaa asali. "Mama anauliza kama umechoka na safari."

Nilidhani nimekosea. Mihula miwili si miaka. Nikajibu kwamba sijachoka, asante, na nikakaza macho.

"Mwambie leo," mikono ya mama ikasema. "Usipomwambia, Jumamosi siendi."

"Anasema Jumamosi anaiona mbali," akatafsiri Baridi. "Anaingojea kwa hamu."

Mikono yangu, iliyokuwa na salamu yake tayari, niliikunja mapajani na kuibana kwa magoti. Sikuwa tena mgeni mwenye zawadi ya kushtukiza. Nilikuwa mtu anayesikiliza nyuma ya mlango, na kilichokuwa nyuma ya mlango ule kilikuwa maisha yangu.

Baridi alimjibu mama yake kwa haraka, vidole vikiwa chini, karibu na kiti, kama mtu anayenong'ona. Alimwambia baadaye, asimharibie. Mama hakunong'ona. Alisema kwa mikono mipana kwamba yule wa kwanza alikimbia kwa sababu hiyohiyo, kwa sababu aliachwa agundue mwenyewe.

"Anauliza kama chai yako utapenda na sukari," akasema Baridi.

Nikasema kiasi. Sijui kama kuna mwanamke mwingine aliyepata habari za mchumba wa kwanza wa mpenzi wake kupitia sukari.

Kisha ikaja ishara iliyonimaliza. Mama alimnyooshea mwanawe kidole. Akainua viganja viwili kando ya kichwa, vimeachana, akavileta pamoja polepole, polepole, hadi vikagusana. Ishara hiyo tulifundishwa mapema kabisa: fungua, funga. Kichwani mwangu ishara ikavaa neno, na neno likavaa sare. *Atafungwa.* Mama akaendelea. Alhamisi iliyopita wamesema wenyewe, hakuna tumaini. Kama si mwaka huu, ni mwaka ujao.

Kila Alhamisi Baridi hupotea. Huniambia anakwenda kukagua vyumba vya baridi vya hoteli moja, na simu yake huzimwa. Hata siku nyingine hapokei simu, hutaka nimwandikie. Nilikuwa nimewahi kuwaza mwanamke mwingine, nikajicheka. Sasa nikatamani angekuwa mwanamke. Alhamisi, watu wanaotoa uamuzi, hakuna tumaini, atafungwa. Mpenzi wangu alikuwa na kesi mahakamani.

"Na sasa anasemaje?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama uzi wa mama mwenye nyumba.

"Anasema umependeza."

"Amesema maneno mengi sana kwa kupendeza kwangu."

Akanitazama midomoni, akacheka kidogo. "Lugha yao ndivyo ilivyo, Dawa. Jambo dogo huchukua mikono mingi."

Nikaitazama mikono yake pale juu ya goti. Ilikuwa na makovu madogo ya kazi, ambayo nayajua moja moja. Ni fundi, huingia majumbani mwa watu, huachwa peke yake na milango ya vyumba wazi. Amechukua nini? Amemfanya nini nani? Kwa mara ya kwanza tangu tujuane nilisogea upande wa pili wa kochi, inchi mbili tu, na nikamwomba Mungu Baridi asiione hatua hiyo. Aliiona. Tabasamu lake lilibaki usoni bila mwenyewe.

Mama akainuka na kukusanya vikombe ambavyo havijaisha chai. Akaniita kwa kichwa nimfuate jikoni. Baridi akasimama haraka, mkalimani hawezi kuachwa nyuma. Mama akamwonyesha kochi kwa kidole kimoja, naye akaketi kama mtoto wa shule.

Jikoni aliwasha taa ingawa ilikuwa mchana, akafunga mlango, akanisimamisha chini ya ule mwanga. Akazungumza taratibu, kama anayemsomea mtoto.

"Wageni wote humtazama yeye, kwa sababu yeye ndiye mwenye sauti. Wewe umetazama mikono yangu. Tangu mlangoni."

Nikakubali kwa kichwa.

"Umejifunza wapi?"

"Chuo," nikasema kwa vidole.

"Kwa ajili yake?"

Nikatikisa kichwa. "Kwa ajili yako."

Alinyamaza. Kwa mtu anayesema kwa mikono, kunyamaza ni kitu unachokiona: mikono ilishuka ikakaa kwenye aproni yake, imetulia. Kisha ikapanda tena. Alisema aliligundua hilo mapema, na ndiyo maana alisema yote pale mbele yangu. Mwanawe asingethubutu, na yeye asingeweza kuingia nyumbani kwa baba wa mtu akiwa na uongo mfukoni.

Basi nikauliza. Nilikusanya kila ishara niliyokuwa nayo. "Mwanao kosa lake nini? Aliiba? Alipiga mtu?"

Uso wake ukakunjamana. "Nani?"

"Yeye. Atafungwa." Na ili asinielewe vibaya, nikapishanisha vifundo vya mikono, kama mtu aliyetiwa pingu.

Mama akaitazama mikono yangu. Akaitazama tena. Kisha akacheka, kicheko kizito kilichotoka tumboni, cha mtu asiyejua kina sauti kubwa kiasi gani, akapiga meza kwa kiganja hadi vijiko vikaruka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Akanishika mikono, akaifungua ile pingu yangu. Akaipandisha hadi kando ya sikio langu mwenyewe, viganja vimeachana kama mbao mbili za mlango. Akavileta pamoja, polepole, hadi vikagusana.

Safari hii sikupata neno. Nilipata picha. Mlango, sikioni, unafungwa.

Mengine yote yakaja yenyewe, bila kuitwa. Kiganja juu ya friji. Simu zisizopokelewa. Jinsi anavyonizungusha kila tukitembea, niwe upande wake wa kulia. Alhamisi za hospitali, si za hoteli wala za mahakama. Na macho yale midomoni mwangu, ambayo nilidhani yananitamani, kumbe yalikuwa yananisoma.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Homa?"

Akatikisa kichwa. Alikuwa akisikia, alisema, hadi alipofika umri wa mwanawe. Baba yake naye vivyo hivyo.

Woga wa jela ukanitoka. Ukaingia mwingine, na huu haukubisha hodi. Iko kwenye damu. Nimemwapia baba uongo bila kujua, na Jumamosi watu hawa wataketi kwenye viti vyake. Nikawaza watoto ambao bado hata hatujawataja. Nikawaza siku nitakayomwita mume wangu kutoka chumba cha pili, na chumba kisijibu.

Mama alinitazama nikiwaza yote hayo. Nadhani ameshaziona sura za namna hiyo. Akanionyesha mlango wa nyuma, ule wa kutokea uani. Alisema haukufungwa kwa ufunguo. Yule wa kwanza alipitia hapo, na yeye hakumlaumu, wala mimi hatanilaumu. "Ila usiondoke kwa ajili ya jela," akaongeza, na pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo.

Nikautazama mlango ule muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikafungua ule mwingine.

Baridi alikuwa ameketi kwenye cherehani ya mama yake, mgongo kwangu, kichwa kimeinama, akiuzungusha mkono wa ile mashine bila sababu. Nikasimama nyuma yake, upande wa kushoto.

"Baridi," nikasema, kwa sauti yangu ya kila siku. "Naondoka."

Gurudumu likaendelea kuzunguka.

"Baridi, sikutaki tena."

Maneno yale yakaanguka sakafuni na hakuna aliyeyaokota. Mtu aliyekuwa karibu kiasi cha kumgusa alikuwa mbali kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpigia simu. Ndipo akainua kichwa, akaniona kwenye kioo, akatabasamu. Kisha akauona uso wangu vizuri, na tabasamu likaondoka.

"Umesema kitu?"

Nikainua mikono mbele ya kioo kile. Ishara zilitoka moja moja, na mwalimu wangu mwenye masharubu angenipa sifuri.

"Alhamisi. Wewe. Mimi. Pamoja."

Hakugeuka. Aliendelea kunitazama kiooni, kana kwamba akigeuka nitakuwa nimetoweka. Akauliza tangu lini. Nikamwambia tangu mihula miwili. Nikaona anavyorudi nyuma katika mazungumzo ya mchana ule, kituo kwa kituo.

"Kwa hiyo ile ya sukari…"

"Na ya kupendeza pia."

Akafunika uso kwa mikono. Alipoongea, aliongea humo humo ndani ya viganja, na ilinibidi niinamie bega lake nimsikie. Alisema alijua lazima aseme, kila Alhamisi alitoka hospitali akiwa na maneno tayari, na kila alipofika kwangu nilikuwa katikati ya kichekesho.

"Nimewaona watu wanavyoongea na mama," akasema. "Sauti kubwa, maneno machache. Kama wanamwita mbwa wa jirani. Niliogopa ukijua utaanza kunipunguzia. Nilitaka utani wako wote, Dawa. Wote, kabla haujaisha."

Nikamgeuza pamoja na kiti, ili anione mdomo na mikono.

"Utani wangu hauishi. Utahamia hapa." Nikachezesha vidole. "Ila tusidanganyane. Naogopa, Baridi. Naogopa sana, sasa hivi, nikiwa nimesimama."

"Na mimi," akasema. Akaitafuta mikono yangu, akaishika kama yule mzee wa dirisha la dawa alivyoishika. Lakini yake ilikuwa na baridi kweli. Tukakaa hivyo, waoga wawili mbele ya cherehani.

Kisha akauliza nilichokuwa nakikimbia. "Na baba yako?"

Nikaachia mikono yake ili nijibu kwa vyote viwili, sauti na ishara, kama nilivyofundishwa. "Baba niachie mimi. Nitajua jinsi ya kumweleza. Nitamtafsiria." Na kabla sijamaliza kusema, tafsiri yenyewe ilikuwa imeshaanza kujipanga kichwani, tamu, imekunjwa vizuri: kwamba ni sikio moja tu, kwamba linatibika, kwamba ni mafua ya kazi ya mabarafu.

Kiooni nikamwona mama. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na alikuwa ameona mikono yangu.

Akaja. Akanishika viwiko vya mikono yote miwili, kama fundi anayenyoosha mkono wa gauni, akaishusha taratibu hadi mapajani. Kisha akatusemea sote wawili, kwa ishara kubwa za polepole:

"Jumamosi naja. Lakini safari hii, neno kwa neno."

Nikauona mguu wa baba, chini ya meza, ukielekea kwenye breki.

Baridi akanigeukia na kufungua mdomo anitafsirie, kwa mazoea tu. Akaufunga. Mikono yangu ilikuwa imeshajibu kwamba sawa.